Dole Gumba

Mimi ni kinyozi wa At-Bashi, kibanda cha pili baada ya daraja.
Tologoni hakuwahi kuvua kofia yake ya sufu mbele za watu:
harusini, msibani, hata shuleni mwalimu alimzoea hivyo.
Jumanne aliniambia, funga mlango. Akaivua,
akaipakata mapajani, maana kwetu kofia hailazwi chini.

Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kiota cha nyungunyungu,
mishipa iliyojisokota, ikavimba, ikapanda hadi utosini.
"Nimezaliwa nayo. Usiku nikilalia ubavu huu
naisikia ikivuma, kama mto chini ya barafu."
Niliigusa. Nayo ikanigusa.
Moyo wake wote ulikuwa pale nje,
nyuma ya ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara.

Kesho yake alikuwa anaoa. Punguza kandokando tu, alisema.
Nikazitia maji. Miaka ishirini na sita ya wembe.
Mwanangu akasukuma mlango. Sikushtuka sana.
Nilishtuka kidogo.

Damu haikutiririka. Iliruka.
Ikafika kwenye kioo, ikafika kwenye kalenda, ikaufuta Aprili.
Taulo la kwanza lililowa kabla sijalikunja.
Sijui nani alinifundisha: nikalitupa,
nikatia dole gumba palepale inapotokea,
nikakandamiza hadi nikahisi fuvu.

Ikanyamaza.
Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Shailobeki akaleta gari lake la kubebea kondoo.
Tulimkalisha wima, kichwa juu ya moyo,
mimi nyuma yake nimempakata kama mtoto.
Kilomita arobaini na kitu hadi Narin, na mlima katikati,
na kila shimo la barabara likininong'oneza: inua kidogo, uone.
Sikuinua. Midomo yake ikawa rangi ya majivu.
Aliniuliza kama kofia iko kitini. Nikasema iko.

Daktari Kunduzi, mwanamke mfupi, hakuuliza jina.
"Usitoe," alisema, na wakanyoa kuzunguka mkono wangu
(walinyoa vibaya, niliona, nikaona aibu kuona),
wakatupaka dawa ya kahawia sisi wawili
kama pacha walioungana.
Damu ya mfuko ikaja, bado baridi.
Wakamfunga mpira kuzunguka kichwa, kama taji.

Kisha sindano nene, uzi mnene, mishono mipana
inayozama hadi mfupani na kurudi,
akiuzunguka uvimbe kama mtu anayefunga mdomo wa gunia.
Mbele ya sikio akapasua, akautafuta mshipa unaolisha,
akaukaza mara mbili.
"Sasa. Polepole."
Sikuweza. Dole lilishakuwa la kichwa kile.
Nesi alilikunjua, kiungo kimoja kimoja.
Tukatazama. Kitone. Kitone kingine.
Basi.

"Hii siyo tiba," daktari alisema, akivua glavu.
"Nimefunga mto; vijito vitatafuta njia nyingine.
Bishkek wana mrija wa kupitisha kinenani hadi huku juu,
wanaijaza mishipa gundi, kisha kisu kinang'oa kiota.
Ataondoka leo usiku."
Akageuka. "Nani alimkata?"
Niliinua mkono.
"Na nani alimshika?"
Niliinua mkono uleule.

Kofia iko dukani. Nimeifua mara tatu,
ukingo umebaki rangi ya chai iliyochuja.
Ayjarkini, bibi harusi, alikuja kuichukua,
akaitazama, akasema iache hapohapo kitini.
Mwanangu amebandika kalenda mpya.

Sijamnyoa mtu tangu siku ile.
Usiku dole linapiga, lenyewe, gizani.
Nimehesabu.
Halilingani na moyo wangu.